Veranda ya Mama kwenye Seva Yangu

Mimi nina hasira za karibu, na nasema mapema ili mtu asije akadai nilimficha. Watu wengine wakikasirika wanavunja sahani. Mimi nilikasirika nikajenga seva.

Aliyenikasirisha ni yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, ambaye anaishi Bulaya, huko Ulaya. Tangu baba yetu atutoke, yeye ndiye mwenye neno la mwisho katika familia. Anaweza kupitisha miaka bila kukanyaga Lubumbashi, lakini neno la mwisho halihitaji viza, linafika kwa simu. Na neno lake lilikuwa kwamba mama asiendelee kukaa peke yake katika nyumba yetu ya Katuba. Goti linamsumbua, nyumba ni kubwa, majirani wa zamani wamehama. Nyumba ipangishwe, mama ahamie kwangu, mtaa wa Golf.

Watu wakisikia Golf wanaona majumba yenye bwawa la kuogelea na mbwa wanaokula nyama. Mimi napanga kijumba cha uani nyuma ya jumba kama hilo, vyumba viwili, na jikoni ambamo ukitaka kufungua friji lazima anayeosha vyombo atoke nje kwanza. Nampenda mama yangu kupita kiasi. Lakini jiko lile ni langu.

Mama mwenyewe alipoambiwa habari za kuhama, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nitoke humu niende wapi? Hii nyumba nilijenga na baba yenu, nilibeba maji ya kukoroga simenti na mimba ya huyu anayenifukuza. Mimi nitatoka humu mu sanduku. Mumwambie hivyo."

Nikamwambia hivyo, ila sanduku nililiacha. Tukavutana wiki nzima, na mwishowe yaya akakubali jambo moja: tuweke kamera juu ya mlango wa veranda, itazame kiti cha mama na geti, naye kila siku aifungue kwenye simu yake ajionee kwamba mama ameamka na yu mzima. "Mais siku nitafungua nisimuone," akasema, "siku ile njo anahama. Sitaki tena maneno."

Basi. Nyumba ya mama ikawa inaning'inia kwenye kamera, na kamera ikawa juu yangu, maana kazi yangu ni kompyuta. Niko katika ofisi moja mjini, kati ya mabenki na maduka, ambako kitu chochote kikikwama wananiita mimi, hata mlango wa choo.

Sasa, shida ya kamera si kamera. Shida ni kuipata. Nyumba ikiwa kwenye intaneti inapewa namba, na ukiijua namba hiyo unaweza kuifikia kutoka popote. Lakini namba yetu si ya kudumu. Kila umeme ukikatika na kurudi, kile kiboksi cha intaneti kinaamka na namba mpya. Na Katuba, jamani, umeme unakatika kama mtu anayepepesa macho. Asubuhi nyumba ina namba hii, mchana ile, jioni nyingine kabisa. Yaya akitumia namba ya asubuhi, anabisha hodi kwa watu asiowajua.

Kabla ya kujenga, baba na mama walipanga nyumba nyingi, na kila walipohama mama alipita kona kwa muuza makala, yaani mkaa, kumwambia wamehamia avenue gani. Mgeni akiwatafuta, anamuuliza yeye. Kwenye intaneti pia unaweza kuwa na muuza makala wako: nyumba inabaki na jina moja lisilobadilika, na kila inapopata namba mpya inakimbia kumwambia. Mwanzo nilitumia huduma ya bure ya kampuni moja ya mbali. Ya bure ina vituko. Kila mwezi walikuwa wananiandikia kuniuliza kama bado nalitaka jina langu, na mwezi mmoja nikasahau kujibu. Wakalifuta. Nikiwa kwenye kikao, mbele ya wakubwa walioweka kofia zao za mgodini mezani, simu ikalia, na nikaipokea kwa bahati mbaya kwa sauti ya juu.

"Nyumba imepotea!" yaya anapiga kelele. "Mama iko wapi? Mufunge ile nyumba leo leo!"

Wakubwa wakanipa pole. Mmoja akauliza kama ni moto.

Hasira iliyonipanda siku hiyo ndiyo iliyojenga seva. Nikasema sitaki tena hisani ya mtu. Nikakodi kipande cha mashine katika nchi ambayo umeme wao haujui kwenda likizo, nikanunua jina letu wenyewe, nikaandika programu yangu ya kujibu swali moja tu duniani: nyumba ya mama iko wapi sasa hivi? Nyumbani kwa mama nikaweka kikompyuta kisichozidi kiberiti kikubwa, ndani ya kabati, katikati ya sahani za wageni. Kila baada ya muda mfupi kinaiambia seva neno la siri na namba ya nyumba. Namba ikibadilika, seva inalisogeza jina. Hakuna barua, hakuna kampuni, hakuna wa kuniuliza kama bado namtaka mama yangu.

Mama alikipokea kile kikompyuta kama mgeni asiyekula. Siku ya pili nikakuta amekifunika kitambaa cha kufuma, cheupe, kama zinavyofunikwa televisheni na redio katika nyumba za heshima. Kikapata joto kikazimika. Nikatoa kitambaa, akarudisha. Nikatoa, akarudisha. Mwisho tukakubaliana kitambaa kikae chini yake. Halafu msimu wa mvua ukaingia, nao una sheria zake: radi ya kwanza ikisikika, hata kama iko mbali huko Kipushi, mama anazunguka nyumba nzima anachomoa kila waya. Anachomoa, kisha anarudi kukagua nyaya alizokwisha kuchomoa. Nikavinunulia kikompyuta na kamera betri yao, nikaupitisha waya nyuma ya kabati mahali mkono wake haufiki. Alijua. Alikuwa anapita pale wakati wa radi akiguna, lakini hakusema kitu, maana nyumba ni yake na alijua nini kinaishikilia.

Mambo yakaenda vizuri mpaka mwaliko ukatoka mji wa Likasi. Rafiki yake wa usichana alikuwa anatimiza miaka hamsini ya ndoa, noce d'or yenyewe, na mama ndiye aliyesimama naye siku alipoolewa. Ijumaa kwenda, Jumatatu kurudi. Yaya alipoulizwa akasema hapana. Goti! Barabara! Umri! Na safari ya nini wakati hata hapo nyumbani tunambembeleza asianguke? Akienda tu, ni ishara kwamba hajichungi, na nyumba inafungwa.

Mama akaniambia kwa sauti ya chini, huku anakunja kitenge cha sherehe alichokuwa ameshakishona: "Weye njo fundi wa ile jicho. Fanya nibakie hapa na niende kule."

Sikuhitaji kubembelezwa. Raha ya kuwa na seva yako ni kwamba jina linakwenda unakolituma. Mtu akiuliza veranda ya mama iko wapi, mimi ndiye ninayejibu, na ninaweza kujibu ninavyopenda. Alhamisi kamera ikarekodi siku nzima, tangu mama anafungua mlango mpaka anaufunga. Ilikuwa siku nzuri, kavu, mama amekaa kwenye kiti chake anabangua karanga. Nikaiweka rekodi kwenye kompyuta yangu Golf, ikawa inacheza saa kwa saa: saa nne ya Ijumaa inaonyesha saa nne ya Alhamisi. Kisha nikaiambia seva isiisikilize nyumba kwa siku chache, ipeleke jina kwangu. Nilifikiria kila kitu. Tarehe iliyokuwa kwenye kona ya picha niliifuta. Vivuli, sawa. Mbwa wa jirani, sawa. Nikajipikia chai, nikajipongeza kwa sauti.

Ijumaa yaya akatazama, akaandika kwenye kundi la familia kwamba yu mzima: "Mama iko bien." Jumamosi ikanyesha mvua iliyojaza mitaro ya mji mzima, na huko Bulaya mama yangu alionekana juani akibangua karanga. Yaya akaandika: "Mama iko bien." Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jumapili, misa ikiisha tu, niko jikoni nakaanga mikate, simu inalia. Yaya.

"Mama iko malade."

"Nani amekwambia ni mgonjwa?"

"Ninamuona! Leo ni dimanche, misa imeanza mpaka imekwisha, na mama iko anabangua karanga! Na kitenge ya nyumba! Umesha kuona wapi mama anakosa misa?"

Mikate ikaanza kuungua. Jumapili! Nimefikiria vivuli, nimefikiria mbwa, Jumapili sikuikumbuka. Na sababu naijua, na Mungu pia anaijua: mimi Jumapili huwa nakaanga mikate.

"Labda amechoka tu," nikasema.

"Nimekwisha kuita mama présidente. Ba mama banaenda kumuona."

Mama présidente ndiye kiongozi wa kikundi cha akina mama cha parokia yao, na wale mama mgonjwa wao hawamwachi. Wanatoka kanisani moja kwa moja, sare zao zote, vitenge vya rangi moja, wanaimba tangu kona ya barabara. Sikuwa nimemaliza kuzima jiko, simu yangu ya pili ikalia. Mama présidente mwenyewe.

"Mutoto, tuko ku porte ya mama yako. Kufuli iko inje. Tunapiga, hakuna muntu."

Nikawa nimesimama kati ya friji na sinki na simu kila sikio.

"Ba mama bamefika?" anauliza yaya sikio la kushoto.

"Wako getini," namwambia.

"Geti gani? Ninaangalia geti! Hakuna ba mama! Kuko mama peke yake!"

"Anasema anamwona mama kwenye veranda," namwambia présidente sikio la kulia, kwa kijinga kabisa, badala ya kufunga mdomo.

"Anamuona?" Nikasikia geti likitikiswa. "Tunachungulia mu tundu ya porte. Kiti iko bule, hakuna muntu."

Nikasikia maneno yanapita kutoka mama hadi mama. Mtoto wake aliyeko Bulaya anamwona, sisi tulioko mlangoni hatumwoni. Mmoja akasema Yesu. Mwingine akaanza maombi, ya kukemea, yale ya kupiga makofi, na sauti ya mwanamume ikajitolea kupanda ukuta. Mwingine akasema kufuli livunjwe.

Nikaona wakivunja kufuli, wataingia, na yaya ataona kwenye simu yake mama anaendelea kubangua karanga huku nyumba imejaa watu wanaomlilia. Nikafanya kilichoonekana busara. Nikakimbilia kompyuta, nikairudisha seva kwenye nyumba ya kweli, nikaikata rekodi. Simu ya yaya ikauliza jina upya, ikapelekwa Katuba.

Sikufikiri. Yaani sikufikiri hata kidogo. Yaya alikuwa anamtazama mama yake ameketi, karanga mkononi. Picha ikapepesa. Kiti kitupu. Na getini, pale ambapo hapakuwa na mtu, vichwa vya akina mama wa parokia vimejaa juu ya geti, mikono mbinguni, wanaimba.

Ukelele alioutoa yaya wangu sijausikia tangu tulipokuwa watoto.

"Mama amenyakuliwa! Nimeona na macho yangu! Alikuwa pale, amenyakuliwa!"

Ule ukelele ukavuka sikio langu la kushoto ukaingia simu ya kulia. Uimbaji getini ukakatika. Watu hawa wamefundishwa maisha yao yote kwamba siku moja Bwana atawanyakua walio wake na wengine watabaki wakishangaa, na sasa walikuwa wamesimama, na vitenge vyao vizuri, wakishangaa. Kisha mama présidente akasema, taratibu, kwa uchungu wa kweli:

"Amenyakuliwa yeye? Peke yake? Na sisi tumebakia? Ule mama anachelewaka répétition ya nyimbo kila siku!"

Nikashindwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Na nilipokaa chini nikaona hakuna njia nyingine.

"Yaya," nikasema, "mama iko Likasi. Anacheza noce d'or."

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, na yaya akisikiliza mpaka mwisho ujue mambo ni mabaya. Hakupiga kelele tena. Akasema mwisho wa mwezi nyumba inafungwa, mama anahamia kwangu, na mimi nitafute namna ya kupanga vitanda. Wale akina mama wakaenda zao. Mmoja alinitumia ujumbe kwamba wataniombea, na sikuona alama yoyote ya mzaha.

Hapo raha ikaniisha. Nyumba ambayo mama aliibebea maji nilikuwa nimeipoteza kwa mchezo wangu mwenyewe, na mama alikuwa bado Likasi, hajui, anacheza na goti lake.

Jumatatu nikamsubiri Katuba. Akashuka kwenye teksi anachechemea, anang'aa, ananukia sherehe. Nikamwambia kabla hajavua kilemba. Akaketi. Akakivua.

"Ungekuwa unaenda ku misa, ungejua dimanche inafikaka," akasema. Halafu akanyoosha mkono. "Mupigie. Kwa picha. Niongee naye."

Yaya akatokea kwenye kioo, uso mgumu, ameshajiandaa. Mama akaishika simu kama anavyoishika siku zote, karibu kabisa, mpaka upande wa pili huoni kitu ila pua na mdomo.

"Mutoto yangu, jambo."

"Jambo mama. Mama, nimekwisha kuamua..."

"Ngoja. Vendredi, ile Ijumaa, uliangalia nini?"

"Nilikuona wewe."

"Samedi?"

"Mama, huyu mutoto alinidanganya, aliweka..."

"Najua aliweka. Mimi njo nilimutuma. Ninakuuliza weye. Tangu vendredi unaangalia jeudi yangu, ile Alhamisi ya karanga. Haukusema ata moja, 'Ngoja niite mama nisikie amelala namna gani.' Ungeita, ungenikuta Likasi, ungesikia ngoma. Uliita mama présidente. Mimi haukuita."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, namwona yaya kwenye kioo. Nilidhani ananuna. Kumbe anasogeza uso, anatazama kitu.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Jino yako ya mbele iko wapi?"

Mama akafunika mdomo kwa kiganja. Kisha akakishusha.

"Ilitoka."

"Lini?"

"Wakati ya baridi."

Baridi ilikuwa imepita zamani. Miezi ya vumbi ilikuja ikaenda, miembe ikachanua, mvua zilikuwa katikati. Kila siku yaya alikuwa anamtazama kutoka juu ya mlango, anaona kilemba na mikono na karanga, na kila siku anatuandikia kwamba mama iko bien. Nilitaka kumcheka, maana alistahili. Nikakuta siwezi. Mimi niliyeijenga ile seva nilikuwa nimemsaidia vizuri sana asipige simu.

"Iliuma?" akauliza.

"Iliuma kidogo. Sasa haiumi."

Akajifuta uso na mkono wa shati, hakujificha. Neno la nyumba nililisubiri lije, la mwisho wa mwezi, la vitanda. Halikuja. Badala yake akasema, "Mama, bakia. Bakia kwako." Halafu: "Kesho nitaita asubuhi."

"Asubuhi hapana," mama akasema. "Asubuhi ba mama ba parokia banakuya, banataka niwaeleze mbinguni iko namna gani. Ita mangaribi."

Kesho yake nilipitia Katuba nikitoka kazini. Simu ikalia kabla jua halijazama, mapema kuliko walivyopatana. Mama aliiangalia, akaweka bakuli lake chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, kidole kwa kidole. Nikainama kuipokea, akanipiga kofi mkononi.

"Acha ilie kidogo," akasema. "Na yeye angoje."